Mi ya Juu

Jina lake ni mi,
nusu tu ya mimi,
na nusu hiyo imenikataa miaka mitatu.

Nafanyia mazoezi chumba cha kufulia, hospitali ya Arua,
baada ya zamu, mashuka yakiwa bado yanafuka mvuke.
Basuni naiunga kipande kwa kipande,
mti mrefu kumpita mtoto wa darasa la pili,
wenye ufa nilioziba kwa nta
Januari ile upepo ulipokausha hata pua za mbwa.

Chini huko sina shida.
Chini ni nyumbani: sauti nene, ya tumbo,
kama baba mwenye nyumba anayekohoa akitafuta kiatu gizani.
Napiga ile ya mwisho kabisa na ndoo zinatetemeka,
Sista Driciru anagonga ukuta: "Wagonjwa wamelala!"
Wagonjwa hawajalala. Juzi mmoja aliuliza
ng'ombe wa nani amefungiwa humo.

Lakini juu.
Juu kule ngazi inaisha kabla ya dari.
Gumba la kushoto lina funguo tisa za kuhudumia,
kidole cha shahada kinaziba tundu nusu, nusu tu:
zidisha unywele mmoja, sauti inapasuka,
punguza, inaporomoka hadi chini na kukaa huko ikikucheka.
Midomo usiikaze, vitabu vinasema.
Usiilegeze.
Pumzi iwe ya kasi, si ya nguvu.
Nimeishi na sentensi hiyo
kama mtu aliyepewa ufunguo asiambiwe mlango.

Na tete je!
Nimekata matete ya mto Enyau kwa kisu cha mboga,
nikayaanika juu ya bati, nikayakwangua kwa wembe.
Thelathini na moja. Maiti zao zimo katika kopo la maziwa ya unga.
La thelathini na mbili lilinung'unika, nikalibembeleza,
nikakwangua tena kidogo,
pale pale pasipofaa kukwanguliwa.

Mjomba Onzima hucheka akishika mbavu.
Yeye ujana wake wote alipuliza agwara,
baragumu la mti lenye sauti moja. Moja.
Unangoja zamu yako, unaitoa, unamwachia jirani,
wimbo unapita mikononi mwenu kama ndoo penye moto.
"Wewe una mti wenye sauti arobaini," anasema,
"unalilia ile isiyokutaka."
Sikumjibu, nilikuwa na tete mdomoni.
Kisha akaomba hela ya tumbaku.

Jumapili ya sherehe, kanisani Ediofe,
Andama aligeuza ukurasa, akainua fimbo.
Vipimo sita vya kunyamaza. Nahesabu. Mate yamenikauka.
Cha saba ndipo mi, ghafla, bila ngazi,
kama kuambiwa uruke kutoka mkekani hadi paani.
Nilifungua gumba, nikaziba nusu,
nikaacha kuitafuta
(uongo huo; niliitafuta kwa jasho la mgongo mzima)
na ikatoka.

Nyembamba. Imeinama kidogo,
kama picha iliyotundikwa na mtu mwenye haraka.
Ikasimama kwa mguu mmoja, pigo la kwanza, la pili,
haikufanana na basuni, wala haikufanana nami,
ikashuka.

Hakuna aliyegeuka.

Nje, penye makreti ya soda,
mama mmoja mwenye kitenge kipya
alimshika mkono Buga wa klarineti:
"Ile sauti ya juu, mwanangu, ile! Iliniingia hapa."
Buga akaniangalia. Akasema asante.
Nami nilikuwa nimeinama juu ya ile shingo ya shaba,
napangusa mate, napangusa,
hata palipokwisha kukauka.