Bata wa Bibi Sanuk

Bibi Sanuk hakujua kusoma barua,
ila pindo la kanzu yake alilisoma herufi kwa herufi:
hapa farasi, hapa mto Ilet, hapa vita
vya babu zetu na majeshi ya Mosko,
hadi walionusurika wakashika misitu kuelekea mashariki,
mizinga ya nyuki migongoni.
Mstari huu mwekundu, alisema, ndiyo njia yao.
Na hapa palipoachwa wazi?
Hapo, mjukuu wangu, uzi ulikwisha.

Mahali petu pa sala hapakuwa na ukuta wala kengele.
Miti tu, ileile ambayo magome yake yalitufumia viatu,
majani yake yana umbo la moyo, nyuki wamelewa juu.
Mwaka ule wilaya ilipotuma karatasi yenye muhuri
aliyeitwa ni babu Yanysh,
seremala, mtu ambaye shoka lilimtii.
Alikwenda alfajiri. Akarudi jioni,
shoka halina hata tone la utomvu.
Akamwambia mwenyekiti: mpini umevunjika.
Na kweli ulivunjika,
aliuvunja mwenyewe kwenye goti,
goti likamuuma kila majira ya baridi mpaka kaburini.

Wiki ya pili wakaja wengine na msumeno.
Ikabaki miti saba.

Nilikuwa na miaka sita
niliposhikishwa bata bukini, usiku, bila mshumaa.
Kart, mzee wa sala, akammwagia maji mgongoni.
Bata akitikisika, Kugu Yumo amepokea.
Asipotikisika, rudi naye nyumbani ukajiulize
ni jirani gani uliyemnyima chumvi.
Alisimama kama jiwe.
Maji mara ya pili. Ya tatu.
Bibi akanitazama mimi, si bata.
Nikakumbuka asali niliyoiramba nikamsingizia Oksi.
Nikanong'ona.
Bata akatikisika.

Siku hizi nakata tiketi stesheni ya Yoshkar-Ola.
Abiria huniuliza: ninyi bado mnaabudu miti?
Namrudishia chenji yake, kamili.
Chini ya sare nimevaa kanzu ya Bibi,
nakshi shingoni, komeo dhidi ya husuda.
Uzi mwekundu nimenunua. Sijauthubutu.

Jana theluji ya kwanza ikanipenya kolani,
nikatetemeka mwili mzima,
nikacheka peke yangu pale kando ya reli
hadi mlinzi akageuka.