Herufi Arobaini na Mbili

Drani alinionyesha jina lake jipya
hapa kibandani, Arua, nyuma ya soko,
mvua ikitwanga bati:
herufi na tarakimu arobaini na mbili,
halina baba, halina ukoo, halina kata.
"Candiru," akaniambia, "humu hata Mungu
itabidi aniulize mimi ni nani."

Nikacheka. Kisha nikamwomba kitambulisho,
maana sarafu ile hailiwi,
wala mhasibu wa shule haipokei;
sharti ishuke kwenye laini ya simu,
na laini ina jina,
na jina lina alama ya dole gumba.

Nikaandika daftarini kwa kalamu ya buluu:
tarehe tisa, laki nne, elfu kumi na mbili, mia tatu.
Mwezi uliofuata, tisa. Na uliofuata.

Mficha uchi hazai, husema watu.
Drani alificha, na alikwisha kuzaa:
msichana, darasa la nne, bwenini huko Nebbi.
Najua kwa kuwa alisahau risiti ya ada kaunta.
Nilimtunzia. Hakuuliza. Sikuuliza.

Kosa lake tundu la sindano:
siku moja tu, kwa jina lile lile,
alimlipa shemeji tairi mbili za pikipiki,
naye shemeji akamwonyesha dada yake,
na dada yake ni Ayikoru,
mwalimu wa hesabu.

Hakuna aliyeita askari.
Hakuna aliyevunja kufuli.
Leja ile iko wazi kama uwanja wa mpira;
uso umefunikwa, nyayo hazikufunikwa.
Ayikoru alikesha, chaki bado vidoleni,
akipiga mstari chini ya kila tarehe tisa.

Jumatatu akaja. Hakulia.
Akalaza karatasi juu ya kaunta,
akaomba kuliona daftari langu.

Nikalifunga. Siri ya mteja ni amana.
Ila kidole changu kilibaki ndani,
kwenye ukurasa ule ule,
na macho ya mwalimu hufuata kidole.

"Anaitwa nani?" akauliza.
Nikadhani anamtaka mama. Nikatazama mvua.
"Mtoto," akasema. "Nina namba za kutosha.
Nipe jina."