Usingizi wa Kupima

Dukani kwangu Igogo, juu kidogo ya reli,
nauza mafuta ya kupima, sukari ya kupima,
mche wa sabuni niliokata vipande kwa uzi.
Nani atanishangaa, basi,
nikisema hata usingizi naupata hivyohivyo?
Wenzangu hununua gunia zima:
wanaangusha kichwa saa nne, wanakiokota alfajiri.
Mimi napewa kijiko. Nameza. Naamka.
Napewa kingine.

Saa sita na dakika kumi, macho.
Saa saba u nusu, macho.
Saa tisa mbwa wa Bugumba anabweka mara tatu
halafu ananyamaza, kama aliyekumbuka kuna watu wamelala.
Natoka, nakaa juu ya jiwe linaloshikilia ukuta wetu.
Bado lina joto la mchana. Nalo halijalala.
Kule ziwani taa za dagaa zimejipanga,
mji wa pili, usio na kodi ya pango.
Mwezi ukiwa mpevu taa zile hazitoki:
wavuvi wanapumzika, dagaa wanapumzika.
Zamu yangu mimi haijui mwezi.

Hospitali nimekwenda. Bugando ni mlima,
ukifika juu umeshaumwa tayari.
Wakatoa damu. Malaria hakuna.
Sukari sawa. Tezi ya shingo sawa.
Wingi wa damu, kumi na mbili nukta nne.
Daktari kijana, naye macho mekundu,
akasema, "Mama, majibu yako ni mazuri sana,"
kama mwalimu anayekabidhi zawadi.
Nikashuka na karatasi yenye afya tele
mkononi mwa mtu anayetafuta pa kukaa.

Wifi yangu Nkwimba akaja na jibu lake kutoka Magu:
"Unalimishwa. Wanakuchukua usiku,
unalima mpunga wa watu,
alfajiri wanakurudisha kitandani."
Nilicheka mpaka nikakohoa.
Usiku ule nikaosha miguu, nikasugua visigino,
na kabla hakujapambazuka, kabla ya ndala,
nikawasha tochi ya simu nikatazama nyayo.
Safi.
Mungu anisamehe, nilitamani tope.
Tope lingekuwa jina.
Asubuhi nikamuuliza Nkwimba:
kama nalima kweli, mwaka wa nne huu,
debe langu la mchele liko wapi?

Watu wanadhani uchovu na usingizi ni ndugu.
Usingizi kwangu ni mgeni, haketi hata akapewa maji.
Uchovu umekuja na godoro lake.
Nikinyanyua kilo mbili za unga
unashika upande wa pili, unavuta chini.
Juzi mtu alinipa noti ya elfu mbili,
nikamrudishia chenji ya elfu kumi.
Akaipokea. Akashukuru, tena kwa adabu.
Na lile neno, "mvivu", nimelisikia likipita nyuma ya dirisha;
halina miguu, lakini nyumba zote limefika.

Jana saa nane mchana, jua limekaa juu ya bati,
niliweka shavu kwenye daftari la madeni
nisome vizuri, nilijiambia, jina la Kashinje.
Sijui nini kilifuata.

Nilipoinua kichwa, kivuli cha mlango kilikuwa kimehama.
Mizani ipo. Sanduku la hela lipo.
Nzi mmoja ananawa mikono juu ya sukari.
Na pembeni mwa daftari, karibu na mate yangu,
kwa penseli, herufi za darasa la tatu zimepanda mlima:
*mama lushinge umelala. nimechukua chumvi ya miatatu.
hela iko chini ya jiwe la mizani.
nimefunga mlango nusu kwa ajili ya jua.
holo*

Nikainua jiwe. Mia tatu, kamili.
Nikahesabu saa: dakika arobaini, bila kukatika.
Sijapata kipande kikubwa hivyo tangu masika.
Kifutio ninacho. Sikukitumia.
Mlango nao nikauacha nusu,
hadi mteja wa mafuta ya taa alipogonga.