Sikio la Kushoto

Siku ya kwanza ilikuwa pua tu.
Nani huku El Alto hana pua iliyoziba mwezi wa Julai,
barafu ikishika mabomba ya maji
na vumbi la barabara likipanda ngazi nasi hadi chumbani?
Nilimpangusa Qhantati makamasi kwa upindo wa aproni,
nikarudi kwenye cherehani.
Sketi sita za watu wa sherehe zilikuwa zikinidai.

Siku ya pili alinyamaza,
mtoto anayezungumza hata na vijiko.
Alishika sikio la kushoto
kama mtu anayeziba tundu la ukuta upepo usiingie.
"Mama, kuna mtu humu ndani anagonga."

Mama mkwe, Bibi Hilaria, akapasha mafuta kwenye kijiko.
Nikamshika mkono. Akanikazia macho.
Watoto saba amewalea kwa mafuta hayo, akasema,
na ni mmoja tu asiyesikia vizuri.
Kisha akasikia alichokisema.
Akazima jiko mwenyewe.

(Huyo mmoja ni Eulogio, mume wangu.
Miaka kumi na mbili nalala kulia kwake.)

Muuguzi wa zahanati aliwahi kunichorea nyuma ya risiti:
pua na sikio ni majirani,
kati yao kichochoro chembamba, cha mtoto chembamba zaidi.
Pua ikivimba, kichochoro hufungwa,
maji hutuama nyuma ya ngozi ya ngoma,
na maji yaliyotuama hayakosi wageni.
Mengi hupoa yenyewe, alisema, siku mbili, tatu.
Subiri. Lakini usisubiri umelala.

Basi nikasubiri macho.
Mito miwili na jaketi la baba yake chini ya kichwa,
maji ya chumvi puani, tone, tone,
dawa ya maumivu kwa kipimo cha kilo zake,
si kwa kipimo cha huruma yangu.
Kila saa nilipitisha kidole nyuma ya sikio
nikitafuta uvimbe, wekundu, sikio lililosukumwa mbele.
Nilimwambia aangalie kitovu chake, nione kama shingo inakunja.
Nilimchekesha, nione kama mdomo unacheka pande zote mbili.
Lolote kati ya hayo, alisema muuguzi,
usingoje kuche, usingoje mume, usingoje hela.
Na angekuwa kichanga wa miezi michache
nisingengoja hata hiyo siku ya pili.

Saa kumi alfajiri maumivu yakakatika ghafla.
Akalala, mdomo wazi, jasho shingoni.
Bibi akapiga ishara ya msalaba: "Yamekwisha."
Nami nilitaka yawe yamekwisha, Mungu anajua nilivyotaka.
Lakini foronya ilikuwa na doa,
la njano, lenye uzi wa damu, kubwa kama sarafu.
Aliyekuwa akigonga
alikuwa amevunja mlango.

Tukapanda gari la waya la kwanza kwenda chini mjini.
La Paz ilikuwa bado na taa, kama bakuli la makaa.
Kadiri tulivyoshuka abiria walimeza mate, wakapiga miayo,
masikio yao yakifunguka kwa mlio mdogo.
Qhantati alimeza pia.
"Upande mmoja tu, Mama," akasema. "Huku pako wazi."

Daktari Zulema Apaza alitazama kwa taa yake, bila haraka.
Ngoma imetoboka, tundu dogo, akasema; mara nyingi huziba.
Akaandika dawa. Maji yasiingie.
Arudi baada ya wiki mbili apimwe usikivu,
"hata akionekana mzima. Hasa akionekana mzima."

Nilikuwa nimeshafunga shali, mtoto mgongoni,
Bibi Hilaria akabaki ameshika kitasa.
Kofia yake ilikuwa mkononi; sijawahi kumwona akiivua ugenini.
"Na la mtu wa miaka arobaini," akauliza,
"bado linatazamwa?"

Daktari akavuta kiti.

Sketi bado zilikuwa zinanidai.
Nikakaa.