Upande wa Nyuma wa Daftari

Daftari la duka langu, hapa Makorora,
mbele limejaa wanaodaiwa: mchele, sabuni ya mche,
mafuta ya kupima, nusu na robo.
Nikiligeuza kichwa chini, nikaanzia nyuma,
kuna riwaya nilizosoma mwaka huu.
Kalamu ileile. Hesabu ileile:
nani kachukua nini, nani hajalipa.

Januari. Ile ya mpima ardhi aliyetumbukia kisimani,
akakaa humo siku tatu akikumbuka
kila mpaka aliousogeza kwa hongo.
Kachukua: usingizi wa siku mbili
na sufuria ya maharage, imeungua hadi chini.
Hajalipa.

Masika, maji yamefika kizingitini, wateja hakuna,
nikasoma ya mapacha wanaogombea jina la marehemu baba yao.
Sikuipenda. Nilimwambia Mwalimu Kihiyo, mwenye kitabu,
naye akacheka: vumilia,
huyu mwandishi anapikia vifuu, hapikii gesi.
Nikavumilia mpaka ukurasa wa mia mbili na kumi na moja.
Pale pacha mdogo anarudisha viatu.
Basi, anarudisha viatu tu,
anaviweka mlangoni, vimetazama ndani,
anaondoka bila kupiga hodi.
Siku hiyo nilimpimia mtoto wa Mwanamvua
chumvi badala ya sukari.

Kuna moja nimeikata kwa mstari.
Kila mwanamke ndani yake ana shingo ya twiga.
Nimeandika pembeni: tumemalizana.

Agosti ilikuwa zamu ya upelelezi. Chambo, mume wangu,
amekwama Segera na lori la saruji, foleni haisogei,
nikamsomea kwa simu sura tano mfululizo.
Sura ya pili tu akasema: muuaji ni shangazi.
Nikamwambia nyamaza, sikiliza.
Alikuwa shangazi.
Kachukua: vocha ya elfu tatu,
na raha ya kumwambia mume wangu amekosea.

Sasa hii.
Niliipata Barabara ya Kumi na Mbili,
kwa kijana anayetandaza vitabu juu ya gunia,
kwa buku moja. Buku kwa buku, akasema, hujapunjwa.
Jalada hamna. Sura ya mwisho hamna,
ilikwishafungia watu karanga.
Ni ya Mbaruku, karani wa stesheni ndogo,
miaka thelathini na moja anagonga mihuri tiketi za wenzake,
yeye hajapanda hata behewa.
Siku moja anajikatia tiketi, anaigonga mwenyewe,
mguu mmoja tayari uko kwenye ngazi,
mwenye bendera anamtazama,
akainua mguu wa pili na

Na.
Karatasi imechanika hapo.
Wiki nzima napima unga na hiyo *na* mdomoni.
Nafunga duka, na. Natia kufuli, na.
Nimempandisha. Nimemshusha.
Usiku mmoja nilimwacha treni limwondokee,
nikaamka nikamwonea huruma, nikalirudisha nyuma.

Semboja, yule anayesoma Usagara,
akaja kununua mkate, akakiona kaunta.
Hiki nimekisoma chote, shangazi! Unajua mwisho wake…
Nilimfungulia soda ya baridi, bure,
ili anyamaze.
Hiyo soda nimemwandikia Mbaruku.

Leo Mama Singano kaja kuuliza deni lake.
Daftari lilikuwa limelala kinyume.
Akavaa miwani, akasoma kwa kidole, polepole:
Huyu Mbaruku anayedaiwa soda moja na mguu mmoja,
ni wa mtaa gani?

Nikasema, si wa hapa. Ni mtu wa safari.

Wa safari usiwakopeshe, mwanangu,
akasema, akivua miwani. Hawarudi wale.

Kisha akaomba robo ya mafuta, mpaka Ijumaa.
Nikageuza daftari.
Kati ya mbele na nyuma zimebaki karatasi tatu.