Spana Namba Kumi na Tatu

Baba aliosha jembe kila jioni mferejini,
kule Uru, maji yanapokata kona chini ya migomba.
Aliliosha siku za mvua.
Aliliosha hata siku ambayo hakulima,
alipomwazima tu Mzee Ndekirwa
likarudi na tope lisilo letu.
"Jembe likilala na udongo," alisema, "huamka na kutu."
Mimi nikacheka. Chuma ni chuma,
na maduka ya majembe hayajafungwa.

Nikashuka Moshi mjini, nikafungua banda la pikipiki Pasua.
Mkono wangu ulikuwa mwepesi,
ulimi mwepesi zaidi.
"Nipo njiani," nikiwa bado chini ya blanketi.
"Njoo kesho asubuhi," na asubuhi yenyewe siijui.
Haukuwa uongo mkubwa. Wa kiasi cha punje ya ulezi,
unaumezwa bila maji.
Ila punje zilianguka kila siku mahali pamoja,
na mahali pamoja ndipo panapoota.

Julai moja, baridi inang'ata masikio,
Eliaremisa akaleta pikipiki yake, breki ya nyuma.
"Umekaza?"
"Nimekaza."
Neno lilitoka kabla sijakumbuka
kama mkono ulifika kwenye nati.
Akapakia gunia la pumba, akapanda zake Kibosho.

Nikageuka.
Spana namba kumi na tatu ilikuwa pale pale
nilipoitupa jana,
imelaliwa na vumbi la jana.
Yenyewe haikujua kusema nimekaza.

Kupanda si kitu. Kushuka ndiko kunakotaka breki.
Nikaazima pikipiki ya jirani, nikamfuata,
kona baada ya kona, nikihesabu watu wa nyumbani kwake.
Nikamkuta anashusha gunia, mzima, anapiga mluzi.
Nikapiga magoti kwenye matope.
Nati ikazunguka mara tatu na nusu.
"Kuna nini?" akauliza.
Ulimi ulishajipanga: nakagua tu, kaka.
"Sikuikaza," nikasema.
Hakunitukana. Alinitazama
kama mtu anayehesabu chenji upya.

Tangu hapo, jua likizama,
naziosha spana kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu,
nane, kumi, kumi na mbili, kumi na tatu,
kila moja kwenye msumari wake.
Siku nyingine naruka.
Siku nyingine naosha nimenuna, njaa inauma,
na nikiwa nimeinama hivyo
naona mgongo wangu umepinda kama wa baba pale mferejini.
Sijawa mtu mwema kwa sababu ya spana tisa.

Lakini jana simu iliita alfajiri, mteja wa Njoro:
"Fundi, umefika wapi?"
"Bado nimelala," nikajibu. "Nipe nusu saa."
Akanyamaza muda mrefu,
kisha akauliza, kwa adabu,
kama amekosea namba.