Kiroba cha Nne

Binti wa safu ya mbele, mwenye daftari jipya,
umeniuliza siri ya mafanikio,
ukapiga mstari chini ya neno "hatua",
ukaandika moja, mbili, mpaka tano,
ukaacha nafasi, ukaningoja.

Sina tano, mwanangu. Nina kiroba kimoja.
Msicheke huko nyuma, si kile kilichopigwa marufuku.

Newala, mwaka ambao ukungu ulikataa kuondoka
na pipa la maji lilikuwa bei ya jogoo,
tulikaa wanawake kumi na mmoja
bandani kwa Somoe Nantimbo,
tunabangua korosho kwa kigongo na jiwe,
viganja tumevipaka majivu,
na mafuta ya ganda yakatufikia vilevile.
Tazama vidole hivi: laini kama kijiko.
Nilipokwenda kuomba kitambulisho
mashine ilisema sionekani.

Somoe hakuwa mpole, usije ukamchora malaika.
Alihesabu punje.
Alinuna wiki nzima kwa ndoo moja iliyomwagika.
Mumewe alipomwambia achague, korosho au nyumba,
alinyoosha kidole juu, kwenye bati,
akamuuliza limetoka wapi.

Mzigo ukaitishwa kutoka Dar: viroba sita,
nzima tupu, nyeupe, bila doa.
Nasi tulilipwa kwa kilo ya nzima.
Vipande, nusu.
Mwanangu alikuwa anakohoa usiku kucha.
Nikatanguliza vipande chini, nzima nikazifunika juu,
nikashona mdomo wa kiroba
kwa uzi uleule wa siku zote.

Alfajiri, gari linanguruma,
Somoe akafumua kiroba cha nne,
akazamisha mkono mpaka kwapani.
Akakaa hivyo.
Dereva akapiga honi, akapiga tena.
"Shusheni."
Vyote?
"Nimesema shusheni."

Akampigia mnunuzi mbele yetu:
"Mzigo wangu una kasoro. Siuleti."
Hakusema kuna mtu. Hakusema wafanyakazi wa siku hizi.
Alisema *mzigo wangu*.
Hilo liandike, kama ni lazima uandike.

Jumamosi tulilipwa, sote, mpaka senti ya mwisho.
Kibarazani kwake palibaki alama nne za miguu ya cherehani.

Nilikwenda usiku, kanga mpaka kwenye nyusi,
maneno nimeyapanga njia nzima.
"Najua," akanikata. "Mshono wako unalalia kushoto."
Akavua ufunguo wa ghala shingoni:
"Wewe unajua panapofichika.
Kuanzia kesho, mkono utaingiza wewe."

Nilimchukia miezi miwili.
Afadhali angenifukuza,
ningepata cha kumsema kisimani.

Na mnunuzi hakurudi.
Usiandike kwamba uaminifu ulimrudisha,
alihamia kwa mtu wa Masasi, akanogewa.
Sisi tulirudi stendi, tukauza kwa kikombe,
kikombe, kikombe, msimu mzima na nusu,
Somoe akiwa na beseni kichwani kama sisi,
akinuna kama zamani.

Leo nina mashine tatu Tandahimba.
Wanawake thelathini wanavaa glavu,
na glavu nilizinunua kabla ya meza yangu.
Wananiita mkali. Sawa.
Kila kiroba naingiza mkono,
na nikifika cha nne
huwa nachelewa kuutoa.

Basi, muda wangu umekwisha,
huyo anapita mgawa posho na kidau cha wino,
anataka dole gumba.
Binti, hebu niazime kalamu yako.